Chai ya Mashuuru

Juzi watu wa vyuma chakavu walikuja Kitengela kuchukua pikapu ya Baba. Ilikuwa imekaa nyuma ya nyumba miaka mingi, magurudumu yamezama kwenye udongo mweusi, kuku wakitagia chini ya usukani. Walipoufungua mlango wa abiria ili wapitishe kamba, ikatoka harufu ambayo sikujua kama bado naikumbuka: grisi, vumbi la barabara ya murram isiyo na lami, na viti vya plastiki vilivyochomwa na jua. Baba alikuwa akiwaonyesha mahali pa kufunga kamba bila shida yoyote. Mimi, mama wa watoto wawili, ndiye niliyesingizia kwamba kuna kitu jikoni, nikaingia ndani kupangusa macho.

Ninyi mlioketi nami madarasani miaka ile mnaijua Kitengela ninayoizungumzia. Mnakumbuka nyumba zilivyokuwa za kuhesabika, na nyuma yake nyika tupu mpaka macho yachoke. Nyumbu walikuwa wakipita karibu na uwanja wa shule, na mwalimu akisema tusiwaangalie, tuangalie ubao. Maji yalikuwa ya kisima, tena ya chumvi. Baba alikuwa fundi wa pampu za visima hivyo, na kwa sababu hiyo hapakuwa na kona ya Kajiado ambako hakuwahi kulala chini ya mnara wa tangi, akiwa na spana mkononi. Alikuwa Mkamba wa Masii, mtu wa maneno machache, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: shule zikifungwa tu, lazima atutoe nyumbani.

Siku ya safari aliosha pikapu tangu asubuhi. Aliondoa mabomba na minyororo nyuma, akatandika godoro kuukuu, akafunga turubai kama paa. Huko nyuma tulikaa mimi na Auntie Mwikali, dada yake mdogo aliyekuwa akiishi kwetu akisomea ushonaji. Mbele alikaa Baba, Mama, na mdogo wangu Sankale mapajani mwa Mama. Mimi nilikuwa na miaka minane, Sankale minne. Auntie Mwikali alikuwa akijifunga leso usoni hadi yanabaki macho peke yake, kisha anaanzisha nyimbo za kanisani kwa sauti ambayo hata twiga waligeuka kuitazama.

Safari nyingi zilikuwa za mahali pa kueleweka. Tulienda Namanga kuona mpaka, nikavunjika moyo kwa kuwa nilitarajia mstari mnene chini kama ule wa kwenye ramani. Tulienda Isinya kuona mwamba wenye chemchemi ambayo Baba alisema maji yake ni matamu kuliko soda, tukayanywa, hayakuwa. Lakini mwaka ule, likizo baada ya likizo, tulianza kwenda mahali pamoja tu. Baba alikuwa akikunja gazeti lake Ijumaa jioni na kusema, kama mtu anayetangaza jambo la kawaida kabisa, "Kesho tunaenda kunywa chai Mashuuru."

Ilikuwa karibu saa tatu za kurushwarushwa. Tulipita Isinya, tukapita Kajiado mjini, tukavuka reli, halafu lami ikaisha na meno yakaanza kugongana. Vumbi lilikuwa jekundu, kisha jeupe, kisha jekundu tena. Mbuni walikimbia kando yetu wakiwa wameinua sketi zao kama wamama wanaokwepa matope. Auntie Mwikali aliishikilia chupa ya thermos katikati ya magoti kama mtoto mchanga, ingawa hakuna aliyekuwa na haja nayo, maana si tulikuwa tunaenda kunywa chai?

Mashuuru yenyewe ilikuwa safu mbili za maduka ya mabati yakitazamana, mbuzi wakipita katikati wakiwa na haki zote. Tuliingia hoteli moja iliyopakwa rangi ya buluu, ya mwanamke mnene mchangamfu aliyeitwa Mama Silantoi. Tuliagiza chai na mandazi. Tulikunywa. Tulikaa. Tukaagiza chai nyingine. Jua lilivuka upande mwingine wa paa, Sankale akalala mezani, na hatimaye Baba akainuka, akasema njia ni mbaya, tuondoke mapema. Tukarudi Kitengela.

Nilikuwa mtoto aliyependa kuelewa mambo, kwa hiyo nililifikiria jambo hili sana. Nikafikia uamuzi kwamba chai ya Mama Silantoi ndiyo chai bora kuliko zote Kenya. Mtu mwenye akili kama Baba hawezi kusafiri saa sita, kwenda na kurudi, kwa chai ya kawaida. Shuleni nikawaambia wenzangu. Mmoja aliuliza ina nini, nikasema ina maziwa ambayo ng'ombe wake hawali nyasi za kawaida. Mpaka leo sijui niliitoa wapi habari hiyo.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo niliyaona nikayapanga vibaya vilevile. Mama, mwalimu wa nasari ambaye siku za kazi alivaa sweta moja la kijivu, alivalia safari ya Mashuuru kama anayeenda harusini. Alivaa shanga ambazo siku nyingine zilikaa ndani ya bati la biskuti. Mle hotelini alikaa sikuzote kwenye kiti kinachotazama mlango, na mlango ukiachwa wazi. Baba alikaa akiupa mlango mgongo, akitazama ukuta, na kwa kuwa ukutani palikuwa na kalenda ya dawa za ng'ombe, nilidhani anapenda picha yake.

Tena, kila mara Mama alikuja na mfuko mmoja wa karatasi: kilo mbili za sukari, majani ya chai, na kikopo cha ugoro. Alimwachia Mama Silantoi. Safari iliyofuata alimwuliza kwa sauti ya chini kama mfuko uliondoka. Mama Silantoi alijibu, "Ulichukuliwa. Lakini hakusema kitu." Nilisikitika sana. Niliona kwamba Mama anaibiwa sukari kila likizo, na mwizi hata hasemi asante.

Na kabla hatujafika, kila mara, tukivuka lile korongo la mchanga nje kidogo ya Mashuuru, Baba alisimamisha pikapu na Mama akaja nyuma kutupangusa nyuso kwa kitambaa chenye maji. Alitukumbusha kwamba huku mtoto hampi mzee mkono. Mtoto anainamisha kichwa, anangoja mzee amguse na kusema "Takwenya," nawe unajibu "Iko." Tulifanya mazoezi palepale barabarani, Auntie Mwikali akiwa ndiye mzee. Sankale aliinama mpaka akaanguka.

Mama alikuwa Mmaasai. Hilo nililijua kama nilivyojua rangi ya lango letu, halikuwa swali. Sikuwa nimewahi kujiuliza kwa nini upande wa Baba tulikuwa na babu, nyanya, mabinamu na ng'ombe aliyetupiga mateke, na upande wa Mama hatukuwa na mtu. Nilidhani watu wengine huwa nao na wengine hawana, kama vile wengine wana televisheni. Hata jina la Sankale, la Kimaasai kwa mtoto wa Mkamba aitwaye Musyoka, sikuliona geni. Kitu pekee kilichonisumbua ni kwamba Mama hakumwita hivyo. Alimwita "Papa," kama Wamaasai wanavyomwita baba. Papa, kula. Papa, usilambe hiyo. Nilipomwuliza alisema hawezi kulitaja jina hilo kwa sababu ni jina la baba yake, na jina la baba halichezewi mdomoni. Mimi nikaona ni visingizio tu, anampenda zaidi.

Safari ya tatu ndiyo tuliyokwama. Mvua ilikuwa imenyesha mahali fulani ambako sisi hatukukuona, na mchanga wa korongo ukawa laini kama uji. Gurudumu la nyuma lilizama hadi katikati. Baba alivua viatu, akakunja suruali, akachimba kwa sufuria yetu ya chapati. Mama alikusanya matawi akayaweka chini ya magurudumu bila kujali nguo zake nzuri. Wachungaji watatu walikuja na mbuzi wao, wakawaacha mbuzi wajilinde, wakasukuma pamoja na Auntie Mwikali, ambaye alisukuma huku akitoa maagizo. Pikapu ilipochomoka kwa ghafla, yeye alibaki amelala kifudifudi kwenye tope. Aliinuka akiwa mweusi kuanzia paji la uso hadi magotini, na Mama akacheka hadi akakaa chini. Sikuwa nimewahi kumwona Mama akicheka hivyo. Hata siku hiyo, tukiwa na matope hadi masikioni, hatukurudi nyumbani. Tulienda kunywa chai.

Siku hiyo ndipo nilipomwona vizuri askari.

Mkabala na hoteli ya Mama Silantoi palikuwa na duka la dawa za mifugo, na nje ya duka palikuwa na kreti ya soda iliyopinduliwa. Juu ya kreti hiyo alikaa mzee mrefu aliyevaa koti zito la kijani ingawa jua lilikuwa kali, fimbo imelala mapajani, kofia imevutwa hadi kwenye nyusi. Safari zote tatu alikuwepo. Hakuingia dukani, hakununua, hakuzungumza na watu zaidi ya kuitikia salamu. Alitazama barabara, na hoteli yetu. Kwa koti lile na fimbo ile, angekuwa nani mwingine? Kitengela kila duka kubwa lilikuwa na mtu wa namna hiyo. Nilimhurumia, maana nilikuwa nimemwona kutoka asubuhi hadi tunaondoka bila mtu kumpelekea hata maji. Nyumbani Mama hakukubali hivyo. Askari wa ploti yetu alipelekewa chai kila jioni, tena kwa kikombe cha wageni, na mimi ndiye niliyetumwa.

Safari ya nne ilikuwa baada ya mvua. Nyika yote ilikuwa kijani, pundamilia wamenona, na vidimbwi vya maji barabarani vilikuwa vikitupasukia pembeni. Tulikuta Mashuuru siku ya soko, imejaa watu na ng'ombe, na bado kile kiti cha kutazama mlango Mama alikipata. Nilimsikia akimwambia Baba kwamba amechoka, kwamba labda hii iwe ya mwisho. Baba aliendelea kutazama ile kalenda. Alisema, "Sisi tutakuja tu, Mama Ndinda. Barabara si ya mtu." Ndinda ni mimi.

Baadaye kidogo Baba aliitwa nyuma ya hoteli atazame bomba lililokuwa linavuja. Mama akampeleka Sankale kunawa. Auntie Mwikali alikuwa amegeukia meza ya pili, akibishana na mwanamke mmoja juu ya bei ya kitambaa. Mbele yangu palikuwa na kikombe cha Mama, kimejaa, hakikuguswa, kinaanza kufanya ngozi juu. Nje, askari alikuwa ameketi kwenye kreti yake.

Nikakitoa kile kingozi kwa kijiko, nikaweka mandazi moja juu ya kikombe ili kisipoe, nikavuka barabara.

Nilipomfikia sikujua nifanye nini na kikombe, kwa hiyo nikakishika kwa mikono miwili mbele yangu na kuinamisha kichwa juu yake, mvuke ukinipanda puani. Nikangoja. Hakuna kilichotokea. Nikaona viatu vyake, vya tairi la gari, na vidole vya miguu vikiwa na vumbi. Niliendelea kuinama. Chai ilianza kutikisika. Nilifikiri labda nimekosea, labda askari hawasalimiwi hivi, na nilikuwa karibu kulia wakati mkono ulipokuja juu ya kichwa changu. Ulikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na haukuondoka upesi.

"Takwenya," alisema.

"Iko."

Alikipokea kikombe. Aliniuliza kwa Kiswahili cha polepole ni nani amenituma. Nikamwambia hakuna, ni Mama tu husema askari wapewe chai.

"Mimi ni askari?"

"Si unalinda duka?"

Alifikiri. Hakucheka. "Hapana duka," alisema. "Nalinda hii barabara."

Nilikuwa bado natafakari jinsi mtu anavyoweza kuibiwa barabara, Sankale alipochomoka kutoka pembeni mwa hoteli akiwa na mikono yenye maji, akikimbia moja kwa moja kuelekea kundi la ng'ombe waliokuwa wakiletwa sokoni. Mama alitokea nyuma yake. Aliita kwa nguvu kwa sauti ya woga, sauti ambayo sikuijua.

"Papa! Papa!"

Mzee akasimama. Chai ilimwagikia mkononi na hakuonekana kuhisi. Alikuwa ameshafungua mdomo kuitika, na nadhani aliitika kweli, maana nilisikia sauti ndogo ikitoka kooni mwake. Kisha akaona kwamba Mama hamtazami yeye. Mama alikuwa amemnyakua Sankale na kumbeba kiunoni, akimwambia, "Papa, mbona unanitisha hivyo," na ndipo alipoinua macho na kutuona, mimi na yule mzee, upande wa pili wa barabara.

Ng'ombe walipita katikati yetu. Walikuwa wengi na hawakuwa na haraka.

"Huyo mtoto," mzee aliniuliza bila kunitazama, "anaitwa nani?"

"Sankale. Lakini Mama hawezi kumwita hivyo. Anasema ni jina la baba yake."

Mzee alikaa tena kwenye kreti yake. Alikunywa ile chai. Ninaposema aliinywa, namaanisha aliinywa yote, funda kwa funda, akala na mandazi, akipangusa makombo kwenye koti, na muda wote huo Mama alikuwa amesimama ng'ambo na Sankale kiunoni, na Baba ametoka nyuma na spana mkononi akasimama karibu naye, na hakuna aliyesogea. Hata Auntie Mwikali alikuwa ameacha bei ya kitambaa, amesimama mlangoni. Mimi peke yangu ndiye niliyedhani tunamngoja askari amalize kikombe.

Alipomaliza alinirudishia.

"Peleka," alisema. "Mwambie mama yako hii chai haina sukari. Ile sukari analetanga iko nyumbani. Mkuje muinywe huko."

Nilivuka barabara nikiwa na aibu. Sikutaka Mama Silantoi asikie, maana mtu akisafiriwa saa tatu kwa ajili ya chai yake hastahili kuambiwa haina sukari. Kwa hiyo nikamwinamisha Mama nikamnong'oneza sikioni. Alimweka Sankale chini, kisha yeye mwenyewe akakaa kwenye ngazi ya hoteli, na shanga zake na gauni lake zuri, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Baba alipiga goti mbele yangu akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, vilevile alivyosema mzee, nisipunguze neno. Mara ya tatu niliporudia kuhusu sukari, Baba naye alikuwa anapangusa macho kwa kiganja chenye grisi, akijipaka weusi shavuni.

Mengine nilikuja kuelezwa nikiwa mkubwa, na Auntie Mwikali, tukichambua maharagwe. Baba alikuwa amekuja Mashuuru miaka mingi nyuma kutengeneza pampu, pampu ikachukua wiki mbili, na Mama alikuwa amemaliza shule. Waliondoka pamoja bila kumwambia mtu. Babu, yule mzee wa kreti, hakuwahi kuukataa ule uchumba. Hakuna aliyempa nafasi ya kuukataa. Alichosema ni kwamba aliyeondoka bila baraka asirudi kuomba baraka mlangoni kwake, na Mama naye, aliyekuwa na kichwa kilekile cha baba yake, hakurudi. Sankale alipozaliwa, Baba alipaswa kumpa jina la baba yake wa Masii. Alimpa la mkwe wake ambaye hajawahi kuzungumza naye. Babu wa Masii alinuna, akaja kumshika mtoto ameshaota meno. Na ni Baba aliyesema kwamba Mama hakukatazwa kunywa chai sokoni, na mtu anayekunywa chai akitazama barabara hajaomba kitu kwa mtu.

Siku hiyo ya soko Babu alipanda mbele ya pikapu na Mama akaja nyuma kukaa nasi kwenye godoro. Njia ya kwenda kwake haikuwa njia, ilikuwa nafasi kati ya miiba. Nyumbani kwake bibi mmoja mdogo wa mwili alitoka mbio, akamshika Mama usoni kwa mikono miwili, halafu akanishika mimi, akanitemea mate kidogo kichwani. Nilishtuka mno. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya habari ya sukari. Mama alinieleza kwamba hiyo ndiyo baraka yenyewe, na nikaona nikae mbali kidogo ili nisibarikiwe mara ya pili. Koko, yaani nyanya kwa Kimaasai, ndivyo tulivyomwita tangu siku hiyo, alinishika tena kabla hatujaondoka.

Tulikunywa chai. Ilikuwa tamu sana, nzito, na ina harufu ya moshi wa kibuyu cha maziwa. Baba na Babu walikaa nje kwenye vigoda, mbali kidogo mmoja na mwingine, wakitazama mbuzi. Hatimaye Babu alisema, "Hiyo gari yako inapiga kelele. Nikiwa hapa naisikianga ikiwa bado kwa korongo." Baba alisema ni ekzosi, amekuwa akipanga kuitengeneza. Babu akasema asiitengeneze.

Likizo iliyofuata Babu alikuja Kitengela kukaa nasi wiki moja. Alizunguka mtaa wote na fimbo yake, akawasalimu majirani kama aliyekuja kuomba kura, na siku ya Jumamosi Baba akatangaza kwamba tunakwenda Kona Baridi, aone Bonde la Ufa kutoka juu. Babu alikaa mbele, mahali pa heshima. Mama alikaa nyuma nasi, na Sankale alikuwa mapajani mwa Babu akishika usukani ambao haukuwepo. Tulipita njia ya Isinya hadi Kiserian, tukapanda, na kila gari lililotupita Babu alilipungia mkono.

Kona Baridi ilikuwa na upepo wa kukupokonya nguo. Chini, nchi iliporomoka ghafla ikaendelea, kahawia na buluu, milima midogo imetawanyika kama mtu aliyeangusha vitu, na mbali kabisa barabara ya Magadi ikapotea katika joto. Auntie Mwikali alikataa kukaribia ukingo. Babu alisimama pale kwa muda mrefu, koti lake likimpiga miguuni, Baba kando yake, na Babu alimwuliza maswali: kule chini kuna visima, vina urefu gani, maji yake ni ya chumvi, na nani anayevitengeneza. Baba alijibu kila swali, akionyesha kwa kidole. Kwa mtu wa maneno machache, alizungumza sana siku hiyo. Babu alisikiliza kwa makini, na mara mojamoja alirudia neno la Baba kwa sauti ya chini kana kwamba analiweka mahali.

Tulikula mahindi ya kuchoma kutoka kwa wamama wa barabarani, tukaanza kupanda garini. Babu alifika kwenye mlango wa mbele, akauweka mkono juu yake, kisha akasimama. Alizunguka akaja nyuma tulikokuwa, akatazama ndani ya turubai.

"Nashipae," alimwita Mama. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita kwa jina lake. "Shuka. Enda ukae mbele na bwana yako."

Mama alianza kusema kwamba huku nyuma kuna upepo, kwamba Babu ni mzee, kwamba godoro ni gumu. Babu alinyoosha mkono wake, Mama akaushika, akashuka. Akaenda mbele, akajipangusa gauni mara mbili, akaingia, na nikausikia mlango ukifungwa. Babu alipanda nyuma kwa shida, akikataa msaada wa Auntie Mwikali, akajinyoosha kwenye godoro, mgongo wake ukiegemea kioo cha nyuma, na Sankale akamparamia.

Baba alikuwa ameendesha pikapu ile kwenye kila kona ya Kajiado, kwenye mchanga na kwenye miamba. Siku hiyo, pale Kona Baridi, kwenye lami nzuri, ilimzimikia mara mbili kabla hatujaondoka. Babu alifunga vifungo vya koti lake, akageuka akamtazama Baba kidogo kupitia kioo, kisha akaniuliza kama nitayamaliza yale mahindi yangu.